Nishani za askari wa Keya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa familia za Kenya, Tanzania, Uganda na Malawi zilizorithi nishani ya askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, na sasa zinataka kujua mzee alitumikia wapi na alifanya nini. Jeshi hilo liliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya kikoloni vya Nyasaland (Malawi ya leo), Uganda na Afrika Mashariki. Lilipigana katika vita vyote viwili vikuu, na nchi zetu zilipopata uhuru vikosi vyake ndivyo vilivyogeuka kuwa majeshi ya taifa. Maswali mengi tunayoulizwa yanahusu Burma, nchi inayoitwa sasa Myanmar, kwa hiyo huko ndiko majibu yalikokuwa marefu.

Kwenye sanduku la babu tumekuta nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita. Ni nini?

Ni nishani ya kampeni ya Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilitoa nyota kadhaa za umbo hilohilo, zote za mchanganyiko wa shaba na zinki, na kinachozitofautisha ni maneno yaliyo katikati. Itazame kwenye mwanga wa dirishani. Utaona taji, chini yake herufi za Mfalme George wa Sita zilizosukwa pamoja, GRI na VI, na kuzizunguka kuna duara lenye maandishi. Kama yanasomeka THE BURMA STAR, mzee alifika kwenye vita vya Burma, au alitumikia katika maeneo ya India yaliyopakana na vita hivyo, kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Kama yanasomeka THE AFRICA STAR, alikuwa kwenye vita vya huku Afrika dhidi ya Waitalia na Wajerumani. THE 1939-1945 STAR ni ya jumla zaidi: ilitolewa kwa utumishi wa vitani, popote ulipokuwa.

Nyuma ya nyota ni patupu. Usishtuke, ndivyo zilivyotengenezwa.

Mbona haina jina lake? Je, ni ya bandia?

Hapana. Swali hili linaumiza watu sana, kwa sababu wameambiwa na mtu fulani mjini kwamba nishani isiyo na jina haina maana. Ukweli ni kwamba Uingereza iliamua kutochonga majina kwenye nyota na nishani za kampeni za Vita vya Pili. Askari wa Afrika Kusini na wa India walichongewa majina na serikali zao. Wetu hawakuchongewa, na hata Waingereza wenyewe hawakuchongewa.

Maana yake ni kwamba hakuna kitu kwenye chuma chenyewe kinachoiunganisha nyota hiyo na babu yako. Kinachoiunganisha ni cheti chake, picha yake, na maneno ya watu waliomfahamu. Mtoto wa mwisho anayejua "hii ni ya mzee, aliileta kutoka Burma" akifariki bila kusema wala kuandika, nyota hiyo inabaki kuwa moja kati ya nyingi zilizofanana. Kwa hiyo kabla ya kuendelea kusoma, chukua karatasi uandike jina kamili la mzee, jina la baba yake, kijiji chake cha wakati ule, tarafa, na chifu aliyekuwepo. Karatasi hiyo iweke pamoja na nishani.

Maandishi yamefutika. Naweza kuitambua kwa utepe?

Ndiyo, kama utepe ni wa asili, kwa sababu familia nyingi zilibadilisha utepe uliooza na kushona kitambaa chochote. Wa Burma una mstari mpana mwekundu katikati, buluu iliyokoza pande zote mbili, na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Wa Africa Star ni wa rangi ya mchanga wa jangwani, una mstari mwekundu katikati na mistari miwili myembamba, mmoja wa buluu iliyokoza na mwingine wa buluu ya anga. Wa 1939-1945 Star una rangi tatu zilizopangana: buluu iliyokoza, nyekundu, na buluu ya anga, kwa ajili ya jeshi la majini, la nchi kavu na la anga.

Mara nyingi pamoja na nyota kuna nishani mbili za duara zinazofanana na fedha. Si fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Yenye simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili ni War Medal, na utepe wake ni wa nyekundu, buluu na nyeupe. Hiyo ilihitaji siku 28 tu za utumishi. Yenye simba wawili kando ya mti mchanga uliovikwa taji ni Defence Medal. Utepe wake ni wa rangi ya moto katikati na kijani pembeni, na ndani ya kila kijani kuna uzi mweusi.

Askari wa Keya walifanya nini hasa huko Burma?

Wengi wa waliofika huko walikuwa wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ya begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Ukiona kifaru kwenye picha ya zamani ya mzee, umepata jibu kubwa. Divisheni hiyo ilikusanywa na kufunzwa Ceylon, nchi tunayoiita sasa Sri Lanka, kuanzia mwaka 1943. Vikosi vyake vilitajwa kwa namba na nchi: kikosi cha 11 kilikuwa cha Kenya, cha 26 na cha 36 vya Tanganyika, cha 34 cha Uganda, cha 22 cha Nyasaland. Walikuwepo pia wapiga mizinga, madereva, wahandisi, wauguzi na wapishi.

Katikati ya mwaka 1944 Wajapani walishindwa Imphal na Kohima, upande wa India karibu na mpaka wa Burma, wakaanza kurudi nyuma. Kazi ya kuwafuata kupitia bonde la Kabaw walipewa askari wa Afrika Mashariki, na walipewa wakati wa masika ya huko, mvua ambayo majeshi mengi yaliikwepa kwa kupiga kambi. Bonde hilo lilijulikana kama Bonde la Mauti kwa sababu ya malaria na homa ya tifasi inayoenezwa na utitiri. Barabara zilikuwa tope tupu. Magari yalizama, hivyo chakula na risasi vilidondoshwa na ndege kwa miamvuli, na ndege zikikosa mwanya kwenye mawingu watu walilala njaa. Kila askari alimeza kila siku kidonge cha njano cha mepakrini, kilichobadilisha ngozi ya watu ikawa na unjano. Wazee wengi waliporudi walisimulia hicho kidonge na ruba kabla ya kusimulia bunduki.

Walisonga hivyo kutoka Tamu hadi Kalemyo, halafu kwenye korongo la mto Myittha, ambako Wajapani walikuwa wamejichimbia milimani. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, mji ulio kando ya mto mkubwa wa Chindwin. Waliuvuka, wakashikilia ng'ambo, na siku chache baadaye wahandisi wa jeshi wakamaliza hapo daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa, lililoelea juu ya maji, lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati huo. Jeshi lililokwenda kuichukua Mandalay lilipita juu ya daraja hilo. Ukisoma masimulizi ya Uingereza kuhusu ushindi wa Burma, daraja linatajwa sana. Waliofungua njia ya kulifikia hutajwa kwa sentensi moja, na mimi naona hiyo ni dhuluma ambayo kila familia inaweza kuirekebisha kwa upande wake.

Divisheni ya 11 ilipumzishwa baada ya hapo. Lakini Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki iliendelea, na Februari 1945 ilipelekwa Seikpyu kwenye mto Irrawaddy ili Wajapani wadhani kwamba mashambulizi makubwa yangepita hapo. Brigedi ya 22 ilipigana upande wa pwani, Arakan.

Babu alisema alikuwa Ceylon muda mrefu, lakini hana Burma Star. Alidanganya?

La hasha. Ceylon peke yake haikumpa askari wa nchi kavu nyota ya Burma. Askari aliyebaki huko kambini, hospitalini au bandarini alipewa War Medal, na mara nyingi Defence Medal. Ilitegemea pale alipopangwa, na aliyepanga alikuwa afisa.

Na yule aliyepigana Uhabeshi au Bukini?

Uhabeshi, yaani Ethiopia, iko chini ya Africa Star. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na kwa upande wetu wa Afrika nyota hiyo inahesabu utumishi hadi tarehe 27 Novemba 1941, siku Waitalia wa mwisho waliposalimu amri Gondar. Askari wa Keya walivuka kutoka Kenya, Mogadishu ikachukuliwa Februari 1941, na Addis Ababa ikachukuliwa tarehe 6 Aprili mwaka huohuo.

Bukini, yaani Madagaska, ni habari nyingine. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilishuka huko Septemba 1942 kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Kisiwa ni cha Afrika, lakini vita vyake havikuwekwa kwenye Africa Star. Vinahesabiwa kwenye 1939-1945 Star. Familia nyingi zinadhani mzee alinyimwa nyota, kumbe ndivyo kanuni ilivyoandikwa.

Tuliambiwa babu "alizama baharini akienda vitani". Kuna ukweli?

Huenda alikuwa ndani ya meli ya Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 katika msafara uliokuwa ukielekea Colombo. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora mawili na ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, wa rejimenti ya 301, na pamoja nao walikufa wauguzi wengi wanawake. Ndugu wa askari waliokuwa vijijini walipata habari kidogo sana, kwa kuwa habari za vita zilifichwa, na hakukuwa na mwili wa kuzika. Majina ya askari hao yameandikwa kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Familia iliyomkosa mzee tangu 1944 ianze kutafuta hapo.

Yetu ni ya duara na ina maandishi madogo kwenye ukingo. Inasomwaje?

Hii ni bahati. Nishani za Vita vya Kwanza na za kampeni za kikoloni zilichongwa jina kwenye ukingo, yaani ule unene wa pembeni. Shika tochi, ilaze ili mwanga upite kwa mshazari, na uzungushe nishani polepole. Herufi ambazo hazionekani ukimulika kutoka juu huonekana kwa kivuli chake. Kama bado ni hafifu, funika ukingo kwa karatasi nyembamba na usugue taratibu kwa penseli laini. Utapata namba, cheo, jina, na namba ya kikosi ikifuatiwa na herufi kama K.A.R. Nakili kila kitu kama kilivyo, hata kama jina limeandikwa vibaya. Makarani waliandika walichosikia, kwa hiyo Mwakasege anaweza kuwa Makaseki, na utakapotafuta kwenye daftari utatafuta hilo kosa.

Ile ya fedha yenye mpanda farasi uchi anayekanyaga ngao ni British War Medal ya 1914 hadi 1918. Mwenzake ni Victory Medal ya shaba, yenye malaika wa kike na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Ile ya fedha yenye mwanamke aliyevaa kofia ya chuma, simba kando yake, na neno AFRICA chini ni Africa General Service Medal. Utepe wake ni wa njano wenye pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Juu yake lazima kuwe na kibao chembamba cha fedha chenye jina la kampeni, na hicho kibao ndicho cha kusomwa kwa makini.

Kibao chetu kimeandikwa NANDI 1905-06. Kingine SOMALILAND 1902-04. Hivyo vilikuwa vita gani?

Vilikuwa vita vya kuzikalia nchi zetu. Kampeni ya Wanandi ndiyo ambamo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa kwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905, alipokwenda kukutana na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Ile ya Somaliland ilikuwa dhidi ya Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, kiongozi wa Wasomali waliowapinga Waingereza, na huko Gumburru, Aprili 1903, kundi zima la askari wa kikosi cha pili, kutoka Nyasaland, lilizingirwa na kuangamizwa karibu lote.

Chetu kimeandikwa KENYA. Familia inagombana kuhusu kuitunza. Mnasemaje?

Kibao cha KENYA kilitolewa kwa utumishi kati ya tarehe 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956, wakati wa hali ya hatari, na walikipata askari wa Keya, polisi na hata baadhi ya walinzi wa vijijini waliosimama upande wa serikali dhidi ya Mau Mau. Kwenye ukoo mmoja wa Nyeri au Murang'a unaweza kukuta mjomba aliyekipata na shangazi aliyefungwa kwenye kambi ya kizuizini. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka bungeni kwamba inajutia mateso yaliyotendeka, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228.

Ushauri wangu ni kutoitupa na kutoitundika sebuleni bila maelezo. Iwekeni pamoja na simulizi za pande zote mbili za ukoo, zilizoandikwa na wahusika wakiwa hai au na watoto wao. Kuna wajukuu waliotaka kuitupa chooni. Nawaelewa. Lakini nishani ni ushahidi, na ushahidi wa jambo baya unahitaji kutunzwa kama ule wa jambo jema.

Kuna pia waliopelekwa Malaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yao ni General Service Medal yenye kibao MALAYA, utepe wa zambarau na kijani katikati.

Babu-mkuu alikuwa mpagazi katika Vita vya Kwanza. Mbona familia haina chochote?

Vita vile huku kwetu vilibebwa vichwani mwa watu. Wapagazi waliochukuliwa na upande wa Uingereza walikaribia milioni moja, wengi kwa nguvu, na hesabu za serikali ya kikoloni yenyewe zinataja vifo vipatavyo 95,000, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa. Makaburi yao mengi hayakuandikwa majina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa jina, na huenda hata hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Kwa familia ya mpagazi, kwa hiyo, utafutaji unaanzia kwenye masimulizi na kwenye majalada ya wilaya.

Nitajuaje kama alipewa nishani ya ushujaa?

Nishani ya kampeni ilitolewa kwa kuwepo, ya ushujaa kwa tendo. Military Medal ni ya fedha na nyuma imeandikwa FOR BRAVERY IN THE FIELD, na ina jina ukingoni. Askari Waafrika wa Keya waliipata Uhabeshi na Burma. Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa upande wa Keya katika Vita vya Pili alipewa Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, kwa tendo lake la Mei 1941 huko Uhabeshi ambalo lilimgharimu maisha. Hakuna Mwafrika wa Keya aliyepewa nishani hiyo katika vita vile, kwa hiyo mtu akikuambia babu yako alinyimwa Victoria Cross "iliyokwishaandikwa", omba uone karatasi.

Kumbukumbu za utumishi wake ziko wapi?

Anza nyumbani. Karatasi yenye thamani kuliko nishani ni cheti cha kuachiliwa jeshini, ambacho wazee wengi walikitunza kwenye bati au kwenye kitabu cha dini. Hicho kina namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kuandikishwa na ya kuachiliwa, tabia, na mara nyingi alama ya dole gumba. Namba huanza na herufi. Usiziache herufi hizo, kwani ndizo zinazoonyesha aliandikishwa wapi.

Ukishakuwa na kikosi, njia inafunguka. Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London, zina shajara za vita za vikosi vya Keya, ambamo afisa aliandika kila siku kikosi kilipokuwa na kilichotokea. Za Burma ziko kwenye mfululizo unaoitwa WO 172, za Uhabeshi kwenye WO 169. Jina la askari wa kawaida hutajwa mara chache humo, lakini utajua tarehe 15 Oktoba 1944 kikosi chake kilikuwa kilima gani. Madaftari ya nishani za Vita vya Kwanza yako WO 329, na ya kampeni za kabla ya hapo WO 100.

Huku kwetu, nenda kwenye nyaraka za taifa za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Zomba, uombe majalada ya mkuu wa wilaya ya miaka ile. Yamo mambo ambayo Uingereza haina: fedha askari alizotuma kwa mke au baba, malalamiko ya wake ambao fedha hazikuwafikia, majina ya waliorudi na kuomba kazi. Barua hizi za wilaya hazisomwi vya kutosha. Mke aliyelalamikia posho yake alitajwa kwa jina, na mume kwa namba na kikosi.

Kama mzee hakurudi, tafuta jina lake kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita. Jaribu tahajia nyingi, kisha jaribu jina la baba peke yake, kwa kuwa wengi waliandikwa "fulani mwana wa fulani". Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana majina yao yako kwenye ukumbusho wa Rangoon, ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan.

Ni wangapi walikwenda kwa jumla?

Katika Vita vya Pili, karibu 98,000 kutoka Kenya, zaidi ya 80,000 kutoka Tanganyika, zaidi ya 75,000 kutoka Uganda, na karibu 30,000 kutoka Nyasaland. Wengine walijitolea kwa ajili ya mshahara, wengine walikusanywa na machifu waliopewa idadi ya kutimiza. Miongoni mwao alikuwemo Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana msituni kama Jenerali China, na Abdulwahid Sykes wa Dar es Salaam, aliyerudi kutoka Burma na kuwa kiongozi wa chama cha TAA (Tanganyika African Association) kilichoizaa TANU.

Tunaweza kudai fidia au pensheni?

Jibu fupi: askari wa muda wa vita wa Keya kwa kawaida alipewa kiinua mgongo mara moja, si pensheni, na nishani haimpi mrithi haki ya malipo. Kiinua mgongo chenyewe kilipangwa kwa rangi. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua waraka wa serikali ya Uingereza unaoonyesha kwamba askari Mwafrika alipangiwa theluthi tu ya alichopewa mzungu wa cheo kilekile. Hilo liliwaudhi wazee waliokuwa bado hai, na walikuwa na haki ya kuudhika. Kwa askari au mjane aliye hai na mwenye shida, msaada hupitia Royal Commonwealth Ex-Services League na vyama vya askari wastaafu vya kila nchi. Chama halisi hakitozi ada ya "kufungua faili". Anayekuomba fedha kwanza ili akufuatilie mamilioni ya babu London, mfukuze.

Imekuwa nyeusi. Niisafishe kwa limau na majivu?

Tafadhali usifanye hivyo. Majivu yanasugua, limau linakula, na baada ya miaka michache taji na herufi zinakuwa laini kiasi cha kutosomeka. Nimewahi kushika Burma Star iliyosuguliwa kila Krismasi na mama mwenye mapenzi ya dhati kwa mzee wake. Iling'aa kabisa, na neno BURMA lilikuwa limebaki kivuli. Futa vumbi kwa kitambaa cha pamba kikavu. Utepe usifuliwe, hata ukiwa na jasho lake. Weka kila nishani peke yake kwenye karatasi isiyo na wino, si mfuko wa plastiki unaofungia unyevunyevu, na mbali na dagaa, mafuta ya taa na dirisha.

Mnunuzi amekuja kijijini. Nimuuzie?

Ni mali yenu, mna haki ya kuuza. Mjue tu kwamba nyota zisizo na jina zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo bei yake ni ndogo kuliko mnavyotarajia, na zenye jina ukingoni ndizo wakusanyaji wanazozitafuta. Mnunuzi anayetaka nishani pamoja na cheti anajua anachofanya: cheti ndicho kinachoipa nishani mwenyewe, na bei. Kabla ya lolote, pigeni picha pande zote, pamoja na ukingo, na picha ya kila karatasi. Na uamuzi usifanywe na kijana mmoja mwenye haraka ya ada ya chuo.

Mjukuu anaruhusiwa kuivaa?

Desturi katika nchi za Jumuiya ya Madola ni kwamba mwenye nishani huivaa kifuani upande wa kushoto, na ndugu wa marehemu huivaa upande wa kulia. Inafaa kwenye kumbukumbu ya Novemba ya waliokufa vitani au mazishi ya mwenzake mzee.

Bibi bado yu hai na anakumbuka. Nimuulize nini?

Nenda na simu iliyojaa chaji, umwombe ruhusa ya kurekodi, na umwache aanze anapotaka. Usianze na vita. Muulize mzee alichukuliwa mwezi gani, ilikuwa wakati wa kulima au wa kuvuna, na nani wengine wa kijiji walichukuliwa siku hiyo, kwa sababu wenzake waliandikishwa pamoja na namba zao hufuatana na yake. Muulize fedha zilifikaje na nani alizipokea, na barua zilisomwa na nani. Muulize aliporudi alishuka kituo gani, alivaa nini, alikuwa na nini mkononi. Muulize nyimbo za mwendo wa kijeshi alizoimba mzee, maana bibi wengi wanazijua mpaka leo, na mara nyingi ndani yake mna jina la kambi au la afisa. Mwonyeshe nishani mwishoni na umpe aishike mwenyewe. Akishamaliza, andika siku hiyohiyo, jina lake na la kijiji chake juu ya ukurasa, na umsomee ulichoandika ili akusahihishe.